Gauni la Idi la Anjeline

Ijumaa ile, baada ya swala, Habibah alipakua pilau akamwita binti yake aje kula. Sakinah, mtoto wa miaka saba na mdomo usiojua kuchoka, alikaa mkekani, akasema bismillahi vizuri kabisa, kisha akapeleka mkono wa kushoto sahanini.

"We! Mkono gani huo?"

Mtoto akautazama mkono wake kwa mshangao. "Si mimi, Mama. Imekwenda yenyewe."

Habibah alimpiga kofi dogo mgongoni mwa kiganja, la kukumbusha tu, na mkono ukarudi pajani. Lakini hajamaliza kutafuna tonge lake mwenyewe, ule wa kushoto ulikuwa umekwisha chota wali tena. Safari hii uliupandisha hadi karibu na sikio la Sakinah, ukasimama hapo hewani, vidole vikisukuma wali mbele taratibu, kama mtu anayelisha kinywa gizani asijue kiko wapi. Wali ukamwagika begani. Sakinah hakucheka, wala hakulia. Alikuwa anautazama ule mkono kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia bila hodi.

Ndipo Habibah aliposikia harufu. Ilikuwa ya kamba za mgomba zilizolowa zikaanza kuoza, na nyumbani kwake, katikati ya mji wa Busia, hapakuwa na mgomba hata mmoja.

Tuseme ukweli, Habibah si mwanamke mwoga. Mumewe, Shakib, ni dereva wa lori la Juba, na mwenye mume wa Juba hujifunza mapema kuua nyoka wake mwenyewe. Studio yake ya picha iko kwenye barabara ile malori yanakopanga foleni ya forodha, na tangu asubuhi hupiga watu picha za vibali na za pasipoti. Lakini kazi iliyompa jina ni nyingine. Habibah huvalisha marehemu.

Watu wengi wa vijijini hufa bila kuacha picha ya maana. Utaletewa kitambulisho kilichofifia, au picha ya harusi ya jirani ambamo marehemu anaonekana nyuma, mdomo umejaa chakula. Habibah hukata kichwa kile kwenye kompyuta, akakiweka juu ya mwili mwingine. Mwanamume humpa suti na tai, mwanamke humpa gomesi, lile gauni refu la kina mama, na mshipi wake, nyuma anamwekea maua. Watu wakiiona picha pale msibani husema kumbe mzee alikuwa mtanashati hivi. Sheikh Nasifu, mwalimu wa madrasa jirani, akipita mlangoni alikuwa akimtania: "Habibah, wewe ni fundi cherehani wa ahera." Naye hujibu kwamba wateja wake ndio wateja pekee wa Busia wasiorudisha nguo kuomba zipunguzwe.

Basi Jumatano, siku mbili kabla ya ule mkono kwenda sahanini, alikuja mtu kutoka Molo, kijiji cha upande wa Tororo, aitwaye Ofumbi. Mkulima, mrefu, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Kwenye mfuko wa plastiki alikuwa na kamkoda ya zamani, kamera ya video ya kanda ndogo, aliyoachiwa na kaka yake aliyekuwa akirekodi harusi huko Tororo.

"Hajati, nasikia wewe najua hii vitu," alisema. "Mimi nataka picha ya mtoto yangu. Iko ndani ya hii kamera. Huko Tororo wamecheza kanda yote, wanasema hakuna kitu. Na mimi ndiye nilipiga na mkono yangu."

"Hija yenyewe bado naisikia redioni, Baba, niite Habibah tu. Ulipiga video, ama picha ya kawaida?"

"Picha. Ile inalia 'tch' halafu inakaa."

"Basi haiko kwa kanda. Hao wamekwenda kutafuta mayai kwa zizi ya ng'ombe."

Akamfundisha huku akifanya, maana Habibah hupenda kusikilizwa. Kamkoda za aina ile zina matumbo mawili: video hukaa kwenye kanda, picha hukaa kwenye kadi ndogo kama ukucha, chini ya kifuniko ambacho wengi hawakijui. Alizungusha kitufe kutoka upande wa kanda kwenda upande wa picha, akachomeka waya, na kompyuta, iliyokuwa kimya, ikaifungua ile kamera kama inavyofungua flashi. Ndani mlikuwa na picha tisa. Alizinakili zote.

Zote zilikuwa za mtoto wa kike amelala chali, rika la Sakinah, amefunikwa blanketi jekundu hadi kidevuni. Uso tu ndio ulikuwa nje. Katika ile ya saba alikuwa ametazama kamera moja kwa moja, macho makubwa, mdomo umejaribu kutabasamu.

"Anaitwa nani?"

"Anjeline. Alikuwa mgonjwa. Jumapili hii tunamaliza matanga, watu wote watakuja, na hatuna hata picha moja ya kuweka."

"Na hukumtoa hata mikono nje ya blanketi?"

"Alikuwa anasikia baridi," Ofumbi alisema, na aliposema hivyo aligeuka akatazama malori barabarani.

Habibah hakuuliza zaidi. Alikuwa na shida yake: kabati lake la nguo za marehemu lilikuwa la watu wazima tu. Ukimvalisha mtoto wa miaka saba gomesi, unachekesha msiba. Akafikiri, kisha akakumbuka picha aliyompiga Sakinah siku ya Idi, amesimama mbele ya pazia la studio na gauni la njano lenye lesi, mikono imekunjwa tumboni. Akamkata binti yake shingoni, akaweka pale kichwa cha Anjeline.

Kilikaa! Hata kivuli chini ya kidevu kilikubali. Kulikuwa na dosari moja tu: lori lilipiga honi ghafla, kipanya kikamteleza, na mstari wa kukatia ukapata kikombo kidogo chini ya sikio la kushoto. Aliuacha, kwa kuwa lesi iliuficha. Ofumbi alipoiona picha imechapishwa, kubwa, ndani ya fremu, aliketi kwenye kiti cha wateja akalia kwa sauti. "Amepona," alisema. "Ona, amepona kabisa." Habibah naye akafuta machozi, na moyoni, lazima tuseme, alijisifu. Hakumwambia gauni ni la nani. Fundi gani huulizwa alikonunua uzi?

Ofumbi akaondoka na fremu. Kamera aliiacha studio, ili kanda ihamishiwe kwenye diski, akaahidi kuijia Jumatatu.

Sasa turudi kwa mtoto wa watu. Jumamosi, jua halijafika utosini, Sheikh Nasifu alimleta Sakinah nyumbani mwenyewe, amemshika begani. Uso wa sheikh haukuwa na mzaha.

"Mama Sakinah, nikuulize, na usikasirike. Nani anamfunga mtoto huyu kamba?"

"Kamba gani, Sheikh?"

Akamfunua mikono. Kwenye vifundo vyote viwili vya mikono kulikuwa na michubuko mipana iliyosokotwa, alama ya kamba ikionekana nyuzi kwa nyuzi. Ile harufu ya mgomba ulioloa ikapanda.

"Darasani alishindwa kushika kalamu," Nasifu alisema kwa sauti ya chini. "Halafu mikono ikapanda ikamshika shingo. Yake mwenyewe. Nikaivuta na nguvu yangu yote. Mimi mtu mzima, nikatoka jasho."

Habibah akapiga magoti, akamfungua binti yake mtandio. Kuzunguka shingo yote ya Sakinah ulipita mstari mwembamba, mweusi, kama uliochorwa na penseli. Aliufuata kwa kidole kutoka mbele hadi ubavuni, na chini ya sikio la kushoto kidole chake kilikuta kikombo kidogo.

Alikijua kikombo kile. Mkono wake mwenyewe ndio uliokifanya, Jumatano, honi ya lori ilipolia.

"Mama," Sakinah alinong'ona, "mwambie asinivute kichwa."

Habibah hakumbuki alivyofika studio. Anakumbuka kwamba alikuwa amembeba Sakinah na Nasifu alikuwa nyuma yake, na kwamba barabara ilijaa watu na pikipiki na mchana mweupe, kwa hiyo hakuna sababu hata moja iliyomfanya aogope kufungua mlango wake mwenyewe, lakini aliogopa. Ndani palikuwa na mlio mwembamba, ziii, wa kijimota cha kamkoda kikizungusha kanda. Kamera ilikuwa rafuni alipoiweka. Betri yake ilikuwa mezani, kando, pale pale alipoitoa.

Alichomeka waya wa umeme wa kamera, akazungusha kitufe upande wa picha, akaunga waya wa kompyuta, na ilimchukua mara tatu kulipata tundu la waya. Picha tisa zikafunguka. Akazipanga kando ya zile tisa alizonakili Jumatano, mbili mbili, nakala kushoto na asili kulia, na akatazama ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, haraka haraka, kwa kuwa kila jozi ilisema jambo lile lile na yeye alikuwa akiomba ije moja itakayosema tofauti: kushoto blanketi jekundu limeinuka juu ya mwili wa mtoto, kifua, tumbo, magoti, na kulia, ndani ya kamera ambayo hakuna aliyeigusa, uso ule ule ukiwa juu ya mto wa kulalia, macho yale yale, lakini chini ya kidevu blanketi limelala bapa, limetandikwa juu ya kitanda kitupu, halina mtu.

"Mwili umetoka," alisema. "Sheikh, umetoka. Mimi ndiye nimeutoa."

Akamweleza yote, gauni, Idi, shingo. Alitarajia kukaripiwa. Nasifu alikaa kwenye kiti cha wateja akashika ndevu.

"Mtoto aliyekufa hana kosa hapa," alisema mwishowe. "Marehemu amekwenda kwa Mola wake. Hiki ni kitu kingine, kilikuwa ndani ya ugonjwa wake. Yeye alipokwenda, chenyewe kikabaki na uso tu kwa kamera. Jini haina mwili, Mama Sakinah, na hiyo ndiyo njaa yake siku zote. Sasa wewe umeipimia mwili, ukakata, ukashona."

Akamlaza Sakinah kwenye benchi akaanza kumsomea. Alisoma muda mrefu, jasho likimtiririka, na kinywa cha mtoto hakikutoa sauti yoyote isiyo yake. Kilisema tu, "Mama, nasikia baridi." Mikono ndiyo iliyojibu. Kila aya ilipokwisha, vidole viligonga benchi, taratibu, kama mtu anayengoja afunguliwe.

"Nani amekupa ruhusa ya kuingia hapa?" Nasifu aliuliza kwa ukali.

Mkono wa kushoto ukainuka. Ukazunguka chumba, ukampita sheikh, ukanyooka kidole kumwelekea Habibah, na hapo ukatulia.

Habibah akarukia kompyuta. Aliifuta picha ya fremu, akaifuta tena kwenye kapu la taka, akatazama shingo ya mwanawe: mstari upo. Nasifu akasema lile jini lirudishwe lilikotoka, ndani ya kamera, nalo akajaribu. Alinakili picha ya Idi ya Sakinah, ile yenye mwili ambao jini liliuchukua, akaisukuma kwenye kadi ya kamera. Kamera iliipokea, kisha ikaandika kwamba haiwezi kuifungua. Habibah alijua kwa nini, na ujuzi ule haukumsaidia kitu: kamkoda za namna ile hazikubali picha iliyopitia kompyuta. Huzitambua zile tu zilizopigwa nazo zenyewe.

"Na ile fremu iko wapi?" Nasifu aliuliza.

"Molo. Kesho wanamaliza matanga."

Sheikh akanyanyuka. "Kesho watu mia wataketi mbele ya hiyo picha, wataiita kwa jina, watailia, watasema Anjeline, Anjeline. Ikiitwa na watu wengi hivyo, itaitika. Mikono ishapata, na mwili. Kitu inangoja ni kichwa cha huyu mtoto kuondoka pale juu. Twende sasa hivi."

Walikwenda kwa pikipiki ya Nasifu, Sakinah katikati, mikono yake imefungwa kwa mtandio wa mama yake. Habibah aliifunga mafundo yale mwenyewe huku analia, na kamera alikuwa nayo begani.

Kwa Ofumbi turubai lilikuwa limekwisha simamishwa. Mama wa marehemu, Benedeta, alikuwa nje, peke yake, ameketi kwenye kinu kilicholazwa, anachagua ulezi. Wanawake wengine walikuwa nyuma ya jiko. Alipowaona wageni aliinuka kusalimia, kisha macho yake yakashuka kwenye ule mtandio, kwenye vidole vya Sakinah vilivyokuwa vikijikunja na kujikunjua, na ungo ukamponyoka.

"Mimi najua hiyo mikono," alisema.

"Unaijua vipi, Mama?" Habibah aliuliza.

"Mtoto yangu alikuwa na akili yake mpaka mwisho. Alikuwa anasema, Mama, si mimi, ni mikono. Ilikuwa inataka kumnyonga. Tukafunga na kamba ya mgomba, mchana na usiku, tukilowesha ili isimkate sana." Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu aliyechoka kuogopa. "Ndiyo maana blanketi. Baba yake hakutaka watu waone kamba. Na hiyo picha alileta... Mimi siwezi kuingia nyumba ambayo iko. Uso ni ya Anjeline. Ile ingine si yake. Jana nimeona imekunjua mikono."

Ofumbi alikuwa amesimama mlangoni, amesikia kila neno. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua, lakini huyu alikuwa amemzika mwanawe na bado alikuwa akificha.

"Ungeniambia!" Habibah alimfokea. "Nilikuuliza mikono, Baba, nilikuuliza!"

"Nilitaka watu wamwone mzuri," Ofumbi alisema. "Mara moja tu, Hajati. Wamwone mzuri."

Na Habibah naye alikuwa ametaka hilo hilo.

Ofumbi aliingia akaitoa fremu, ameigeuzia nyuma. Akaivunja kioo, akachomoa karatasi, akawasha kiberiti. Moto uliposhika pindo la gauni la njano, Sakinah alipiga yowe ambalo wanawake wote wa jikoni walilisikia, na magotini pake, mbele ya macho yao, ngozi ikatumbuka malengelenge. Habibah aliurukia ule moto akauzima kwa viganja vyake.

Mstari wa shingoni ulikuwa umekuwa mweusi kama kamba, na jua lilikuwa linateremka, na nyuma ya jiko mtu mmoja, asiyejua lolote, alikuwa ameanza kuwafundisha watoto wimbo wa kesho, wimbo wenye jina la Anjeline ndani yake, na kila jina lilipofika, kichwa cha Sakinah kiliyumba kidogo upande, kama kifuniko cha chungu kinachosukumwa na mvuke.

"Wanyamazishe!" Nasifu alisema, na Ofumbi akakimbia.

"Sheikh," Habibah alisema. "Haitatoka kwenye mwili mpaka ipate mwili mwingine. Si ndiyo?"

Nasifu akaitikia kwa kichwa.

"Na hiyo kamera haikubali isipokuwa picha iliyopiga yenyewe." Akamgeukia Benedeta. "Mama, blanketi lile bado liko?"

"Iko. Nilitaka kuchoma, roho ikakataa."

"Nileteeni."

Benedeta alielewa kabla ya wanaume. Akamshika Habibah mkono. "Acha nilale mimi. Mimi nimeshazika. Imekula kwangu tayari, imalizie."

"Wewe umetoa wako," Habibah alisema. "Huyu wa kwangu bado anapumua, na aliyemvua gauni ni mimi."

Aliogopa, msidhani hakuogopa. Lakini aliingia kile chumba cha mgonjwa, akalala kwenye kitanda kile cha kamba alicholala Anjeline, na Benedeta akamfunika blanketi jekundu hadi kidevuni. Lilikuwa zito, na lilinuka mgomba. Alimwonyesha Benedeta kitufe cha kubonyeza, akamkanya asitetemeke. Nasifu alisimama mlangoni amemkumbatia Sakinah, anasoma. Habibah akaitazama lenzi, akafikiri, njoo basi, njoo kwangu, mimi nina mwili mkubwa kuliko huu, nina mikono iliyozoea kazi, nina joto, njoo umwache, njoo umwache, na alikuwa bado anasema hivyo moyoni, mara ya ishirini au ya mia, wakati kamera ilipolia 'tch', na chini ya blanketi, kutoka upande wa miguu, ubaridi ukaanza kupanda polepole, bila haraka, ukipapasa.

Mlangoni Sakinah alipiga chafya. Kisha ya pili.

"Mama," alisema, kwa sauti yake ile ya kila siku, ya mtoto mwenye njaa. "Hii mtandio inanibana. Nifungueni."

Nasifu akamfungua. Mikono ikaanguka ubavuni, ikajikuna, ikapangusa pua, ikafanya ujinga wote wa mikono ya watoto. Mstari wa shingoni ulikuwa unafifia huku wakiutazama. Ofumbi akaleta ile karatasi, akawasha kiberiti tena, kwa hofu, kwenye pembe. Iliungua yote, gauni na lesi na uso, na Sakinah akasimama akiitazama akauliza kama kuna chochote cha kula. Benedeta akacheka na kulia pamoja, akamshika mkono akampeleka jikoni kumpa uji wa ulezi.

Nasifu alisema kamera izikwe leo leo, ndani ya shimo la choo la zamani, juu yake udongo na mawe. "Lakini kwanza hakikisha picha imeshika," alimwambia Habibah. "Kama haikushika, kazi yetu bure."

Habibah alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, bado hajapata pumzi. Akafungua kijioo cha ubavuni mwa kamera, akazungusha kitufe. Picha ya kumi ikatokea.

Imeshika. Blanketi jekundu, na uso wake mwenyewe, macho yametoka kwa woga. Blanketi limeinuka vizuri juu ya mwili wake, kifua, tumbo, magoti. Na pembeni, kati yake na ukuta, pale ambapo alijua hapakuwa na kitu, blanketi lilikuwa limeinuka mara ya pili, umbo fupi, limelala kiubavu, limejikunja kumwelekea. Pindo la juu la blanketi lilikuwa limevutwa upande ule, kama avutavyo mtoto anayeona baridi.

"Vipi?" Nasifu aliuliza. "Imeshika?"

Kupitia mlango alimwona Sakinah, kikombe cha uji kimemfunika uso mzima, akimweleza Benedeta jambo refu lisilo na mwisho. Angesema, wangeanza upya. Na kama wangeanza upya, lile jini lingerudi kumtafuta Sakinah.

"Imeshika, Sheikh," alisema. "Niko peke yangu." Akakifunga kijioo.

Waliizika kamera kabla ya magharibi. Kesho yake matanga yalimalizika bila picha, na Ofumbi mwenyewe aliwasimulia watu habari ya kamba, yote, na watu wakalia zaidi ya ambavyo wangelia kwa gauni la njano. Magoti ya Sakinah yalipona ndani ya wiki mbili. Sheikh Nasifu bado hupita studio, ila hatanii tena.

Shakib aliporudi kutoka Juba alikuta mkewe amebadilika tabia moja tu, na kwa kuwa ilikuwa ndogo, aliicheka. Habibah siku hizi hulala ukingoni kabisa, karibu aanguke, akimsukuma mumewe alale upande wa miguuni au kwenye kiti, na katikati ya kitanda anaacha nafasi.

"Nafasi yote hii ya nani?" Shakib humuuliza.

"Ni joto tu," Habibah humjibu.

Kisha hutulia, asikilize chumba cha pili, mpaka apate hakika kwamba Sakinah anakoroma. Akishapata hakika, hunyoosha mkono nyuma yake bila kugeuka, akainua shuka kidogo, akangoja ubaridi uingie na ujipange mgongoni pake, halafu analifunika lile umbo vizuri, lisije likaona baridi likaenda kutafuta kwingine.